Sura ya Sita: Bodi Moja na Sarafu za Kilolo

Dubwi halidai mengi. Linataka umeme, ukuta wa kuegemea na watu wenye sarafu za shilingi 200. Lenyewe ni sanduku la chuma linalomfika mtu mzima kifuani, lina kioo mbele, na nyuma ya kioo kuna picha za matunda na nyota zilizopangwa kuzunguka kama fremu. Mchezaji anatumbukiza sarafu, anabonyeza kitufe cha tunda alilolichagua, taa inaanza kukimbia kutoka picha moja hadi nyingine, inapunguza mwendo, inakaribia tunda lake, kisha inalipita kwa nafasi moja. Mchezo mzima hauzidi muda wa kumeza mafunda mawili ya ulanzi. Kwa hiyo mtu aliyeingia kilabuni na shilingi 5,000 za chenji anaweza kuzimaliza kabla mwenzake hajamaliza kopo la kwanza, na kila mara ataamini kwamba alikosa kidogo tu.

Kilolo ina kila kinachohitajika. Wilaya hii ilizaliwa mwaka 2002 ilipomegwa kutoka Iringa Vijijini, na ina sura mbili. Ukitoka Ruaha Mbuyuni, kwenye joto na vitunguu, ukapanda Kitonga, unafika Ilula, mji wa nyanya kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Upande wa pili uko juu, kwenye baridi na ukungu: Dabaga, Kidabaga, Idete, Boma la Ng'ombe, Ukwega, mpaka milima ya Udzungwa. Huko ni viazi, njegere, mahindi na misindano. Fedha ya huku haiji kila mwisho wa mwezi. Inakuja kwa mkupuo, matenga ya nyanya yakishika bei au shamba la miti likikatwa, kisha inapotea miezi. Kijana aliyelipwa ujira wa kubeba mbao siku ya Jumamosi anatoka na noti mfukoni, na benki iko mbali. Nguzo za umeme wa REA zilipofika vijijini, mashine ya kusaga iliwaka, saluni ikawaka, televisheni ya kibanda umiza ikawaka, na dubwi nalo likapata pa kuchomeka waya.

Nani anawajibika kwa sanduku hilo? Kisheria jibu ni moja, na limekuwa moja kwa zaidi ya miaka 20. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Na. 4 ya 2003, ambayo leo ni Sura ya 41 ya sheria zetu, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2003 na kuunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania chini ya Wizara ya Fedha. Kabla yake tulikuwa na Sheria ya mwaka 1967 iliyohusu bahati nasibu na ubashiri wa matokeo ya mechi, na Sheria ya mwaka 1974 iliyoleta Bahati Nasibu ya Taifa. Hizo zilitungwa kwa nchi ya tiketi za karatasi. Baada ya uchumi kufunguliwa yalikuja makasino na mashine, vitu ambavyo watunga sheria wa 1967 hawakuwa na sababu ya kuviwazia. Sheria ya 2003 ilizifuta zote mbili ikaweka kila kitu mahali pamoja: kasino, mashine za sarafu, ubashiri wa michezo, hata Bahati Nasibu ya Taifa yenyewe.

Naona ulikuwa uamuzi sahihi, na ukitaka kujua thamani yake tazama waliochelewa. Ireland iliendesha mambo yake kwa sheria ya 1931 na nyingine ya 1956 mpaka ilipotunga sheria mpya mwaka 2024, na mamlaka yake ya kusimamia kamari ikaanza kazi mwaka 2025. Kwa jirani zetu wa Kenya simulizi ni chungu zaidi. Wao walikuwa na bodi yao tangu 1966, BCLB, lakini Katiba ya 2010 ikagawa kazi hiyo: Jedwali la Nne linataja ubashiri, kasino na aina nyingine za kamari kwenye orodha ya serikali ya kitaifa na pia kwenye orodha ya kaunti. Kitu kimoja kikashikwa na mikono miwili, na hapohapo simu za mkononi zikaja na kampuni zisizo na mlango wa kaunti yoyote. Julai 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za ubashiri kwa mpigo, SportPesa ikiwemo, kesi zikafuata, udhamini wa vilabu ukakatika, na baadaye kampuni nyingine zikarudi sokoni. Ilichukua mpaka Agosti 2025 kwa Rais Ruto kutia saini Sheria ya Udhibiti wa Kamari inayoleta mamlaka mpya moja badala ya bodi ile ya 1966. Karibu miaka 15 ya kuvutana, na wakati watu wazima wakibishana nani ana haki ya kutoa leseni, wanafunzi wa vyuo walikuwa wakibeti ada zao.

Sisi hatukupitia hayo. Mlango ulikuwa mmoja. Kampuni iliyokataliwa haikuweza kwenda ofisi ya pili kuombea huruma, na anayedai hajalipwa ushindi wake anajua pa kulalamika. Ukomo wa umri ni mmoja kuanzia kasino ya Dar es Salaam hadi kilabu cha Idete: miaka 18. Lakini mlango kuwa mmoja ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni umbali kati ya mlango huo na mahali sarafu inapodondokea, na hapo ndipo Kilolo inapotufundisha jambo ambalo Dar es Salaam haiwezi kutufundisha.

Mkulima wa viazi wa Dabaga ananielewa nikitaja lumbesa. Sheria ya vipimo ni moja Tanzania Bara nzima, Wakala wa Vipimo ni mmoja, na kila mtu anajua gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Hakuna utata wa mamlaka hata chembe. Na bado mnunuzi anafika shambani na gunia lake, analishonea kilemba cha wavu juu, analijaza mpaka linafanana na mama mjamzito, na mkulima anakubali kwa sababu viazi vinaharibika na gari la mnunuzi liko moja. Lumbesa haikuendelea kwa kukosa sheria wala chombo. Imeendelea kwa sababu mtu anayetakiwa kuikamata hayupo shambani, na aliyepo shambani hana meno.

Hivyohivyo kwa dubwi. Mashine halali hubandikwa stika ya Bodi. Mashine isiyo na stika ni haramu, na Bodi pamoja na polisi wamekuwa wakifanya operesheni na kuzikamata. Lakini msafara wa operesheni unapita barabara ya lami. Ukisimama Ilula saa nne asubuhi, habari zake zitakuwa zimefika Image na Irole kabla ya saa tano, na sanduku la chuma hubebwa na vijana wawili kuingizwa stoo. Anayekaa na sanduku hilo siku zote 365 ni mtendaji wa kijiji. Yeye ndiye anayemjua mwenye kilabu, anayejua kama mtoto wa darasa la sita hupitia pale akitumwa chumvi, anayeletewa kesi ya mke ambaye mumewe ameuza madebe mawili ya mahindi ya mbegu. Mtu huyu anajua yote, na katika mpango mzima wa udhibiti nafasi yake ni ya kutoa taarifa na kungoja.

Simu ya mkononi imeongeza umbali huo kwa namna nyingine. Dubwi angalau linaonekana. Mkeka, yaani orodha ya mechi ambazo mtu amezibashiri kwa dau moja, ukiwa kwenye simu hauonekani hata na aliyelala kitanda kimoja na mbashiri. Vodacom ilipoleta M-Pesa nchini mwaka 2008 hakuna aliyefikiri juu ya ubashiri, ila njia ile ile ya kumtumia mama fedha ya dawa ndiyo ikawa njia ya kuweka dau. Mwaka 2017 ndio ulioingiza jambo hili ndani ya kila nyumba yenye redio. SportPesa iliingia nchini ikadhamini Simba, Yanga na Singida United, na Julai ikaileta Everton Uwanja wa Taifa kucheza na Gor Mahia, Wayne Rooney akafunga, nchi nzima ikatazama. Mwaka huohuo bahati nasibu za Biko na Tatu Mzuka zilijaa hewani na hundi zao za mamilioni. Kuanzia hapo, mtu wa Ukwega hakuhitaji kushuka mjini. Alihitaji salio na mtandao, na wakati mwingine kupanda kilima kidogo ili mtandao ukamate.

Ngoja niseme kidogo kuhusu mkeka wenyewe, maana ni nadra kuona hesabu yake ikielezwa kwa Kiswahili cha kueleweka. Kila mechi kampuni hujiwekea faida ndani ya odi zake. Tuchukulie ni asilimia 5, yaani kati ya kila shilingi 100 zinazowekwa kwenye mechi moja, kwa wastani 95 zinarudi kwa wachezaji. Si mbaya sana, mtu anaweza kusema. Lakini kijana wa kijiweni haweki mechi moja. Mechi moja haina utajiri. Anaunganisha 10. Na faida ya kampuni nayo inaungana: 95 ya 95 ya 95, mara 10. Mwishoni zinarudi kama shilingi 60 katika kila 100. Arobaini zimebaki. Kila mechi unayoongeza ili ushindi upendeze inaikata tena hela yako kabla mpira haujaanza. Kijana atakwambia mkeka ulichanika kwa timu moja tu, kipa alizembea dakika ya 89, na ni kweli timu ni moja. Ila mkeka wa mechi 10 umetengenezwa uchanike kwa timu moja.

Hapa ndipo mamlaka moja inapaswa kuonyesha faida yake. Kampuni moja haiwezi kuanza kuwaandikia wateja wake kwamba mkeka wa mechi 10 unarudisha shilingi 60 kwa 100, wakati mpinzani wake anaandika neno milioni peke yake. Wote wakilazimishwa siku moja na chombo kimoja, hakuna anayepoteza kwa kusema ukweli. Sentensi hiyo moja, kwenye karatasi ya mkeka na kwenye ujumbe wa simu wa kuthibitisha dau, haihitaji bajeti. Inahitaji agizo.

La pili ambalo ni mamlaka moja tu inayoweza kulifanya ni orodha ya waliojitoa. Uingereza ina mfumo uitwao GAMSTOP: mtu aliyechoka kubeti anajiandikisha mara moja, na tangu tarehe 31 Machi 2020 kila kampuni ya mtandaoni yenye leseni ya huko inalazimika kumfungia. Fikiria kufanya hivyo bila chombo kimoja. Mtu angejitoa kampuni hii asubuhi, ujumbe wa ofa wa kampuni nyingine ungemfikia mchana. Sisi tuna msingi wa kuanzia: laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na tangu Januari 2020 zilianza kuzimwa zile ambazo hazikusajiliwa hivyo. Tunaijua laini ni ya nani. Namba moja fupi ya kupiga, kuchagua miezi sita au mwaka au moja kwa moja, na kila kampuni ifunge. Yapo matundu, nakubali. Vijijini laini ya baba hutumiwa na nyumba nzima, na mtoto wa miaka 14 anabeti kwa jina la mzazi wa miaka 50. Lakini orodha hiyohiyo ingempa baba nafasi ya kufunga laini yake, hata kama yeye hajawahi kubeti maishani.

Kwa nini basi haya hayajawa ndiyo vipaumbele? Sidhani ni ubaya wa mtu. Nadhani ni suala la kile tunachokipima. Mpaka mwaka 2017 Bodi ndiyo iliyokuwa ikikusanya kodi ya michezo hii. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ikahamishia kazi hiyo TRA kuanzia Julai. Ulikuwa mgawanyo mzuri, na kinadharia ungeiachia Bodi nafasi ya kuwaangalia watu badala ya makusanyo. Lakini kila mwaka, tangazo kubwa kuhusu sekta hii limebaki kuwa la makusanyo: shilingi bilioni 33.6 mwaka 2016/17, bilioni 170.4 mwaka 2022/23. Sehemu ya kodi ya ubashiri wa michezo huenda Mfuko wa Maendeleo ya Michezo, na viwanja vinaihitaji, sibishi. Ila tukishafurahia namba hiyo ikipanda, tumejifunga. Kodi ya mapato ya mkulima ikipanda maana yake mkulima kapata zaidi. Kodi ya kamari ikipanda maana yake watu wamepoteza zaidi, kwa kuwa kinachotozwa kampuni kwa sehemu kubwa kinatokana na fedha iliyobaki mezani baada ya washindi kulipwa. Mwaka 2021 serikali ilishusha kodi ya ushindi wa ubashiri kutoka asilimia 20 hadi 15, na mtu anaweza kutoa hoja kwamba hilo linawazuia wachezaji wasikimbilie mitandao isiyo na leseni. Hoja ina mantiki yake ya kikodi. Lakini katika mjadala wote ule, mke wa yule aliyeuza mahindi ya mbegu hakuwa na wa kumsemea.

Ningetaka siku moja Bodi itoe, pamoja na namba ya mabilioni, namba nyingine tatu: mashine ngapi zisizo na stika zimeondolewa katika kila wilaya, watu wangapi wameomba kufungiwa, watoto wangapi wamekutwa wakicheza na kampuni gani imeadhibiwa kwa hilo. Mkuu wa Wilaya ya Kilolo akiisoma namba ya wilaya yake mbele ya baraza la madiwani, mazungumzo yatabadilika.

Wapo watakaosema dawa ni kuigawa Bodi, kila halmashauri itoe leseni zake. Mimi sikubaliani nao, na Kenya imetuonyesha kwa nini. Halmashauri yenye njaa ya mapato ya ndani itatoa leseni kwa urahisi kuliko Bodi. Lakini kuna jambo Waingereza wamelifanya ambalo watu wengi wakisifu tume yao ya kamari huliruka. Sheria yao ya 2005 iliunda tume moja inayotoa leseni kwa kampuni, na kuanzia 2013 ikabebeshwa hata usimamizi wa bahati nasibu ya taifa. Hata hivyo leseni ya jengo, yaani ruhusa ya kuweka duka la kubeti au chumba cha mashine kwenye mtaa fulani, hutolewa na baraza la eneo hilo. Tume inaamua kampuni ni safi. Majirani kupitia baraza lao wanasikilizwa kuhusu mlango utakaofunguliwa karibu nao. Na pale walipoona mashine za madukani zinawamaliza watu, dau la juu lilishushwa kutoka pauni 100 hadi pauni 2 kwa mzunguko mmoja, Aprili 2019, kwa amri moja nchi nzima.

Sisi tuna chombo kilicho karibu na watu kuliko baraza lolote la Uingereza. Mkutano mkuu wa kijiji unamchukua kila mkazi aliyefikisha miaka 18, umri uleule unaomruhusu mtu kucheza, na sheria inautaka ukae kila baada ya miezi mitatu. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 1982, zikathibitishwa na halmashauri ya wilaya. Vijiji vya juu huko vimetumia uwezo huo kulinda vyanzo vya maji na kuzuia uchomaji moto ovyo. Kwa dubwi, hata hivyo, sheria ndogo ina mpaka: haiwezi kupingana na sheria ya Bunge, na mwenye mashine yenye stika halali ataitoa leseni yake mfukoni na kuwaonyesha wanakijiji.

Ndiyo maana badiliko linapaswa kufanyika kwenye Sura ya 41 yenyewe. Bodi ibaki moja, na ibaki na neno la mwisho kuhusu kampuni. Lakini hakuna mashine itakayopewa stika ya kijiji fulani mpaka mkutano mkuu wa kijiji hicho uwe umepiga kura, kura ya wote waliohudhuria, ambayo saini ya kiongozi mmoja haiwezi kuchukua nafasi yake. Muhtasari wenye tarehe na idadi ya kura upelekwe Bodi, tarehe hiyo iandikwe kwenye stika pamoja na namba ya simu ya kutoa taarifa, na mtendaji awe na mamlaka ya kufunga kwa kufuli mashine yoyote isiyo nayo huku akisubiri mkaguzi.

Kura hiyo haitakuwa nyepesi. Mwenye kilabu atasimama aseme gawio la mashine ndilo linalomlipia umeme, na muuza ulanzi aseme bila dubwi wateja watakwenda kijiji cha pili. Hao nao ni wanakijiji, na wasikilizwe mpaka mwisho. Mwalimu mkuu atasimama aseme ya kwake, na wale wanawake ambao kesi zao huishia kwa mtendaji watakuwa na mikono ya kunyoosha kama wengine. Kijiji kikikubali, kikubali kwa mwaka mmoja, na leseni ikiisha kiulizwe upya.